Sugu ya Paji na Sugu ya Moyo

(Mada iliyotolewa kwa vijana katika darsa ya Ramadhan, Kiboko, baada ya swala ya Alasiri)



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Masheikh wetu, wazee wetu mlioketi hapa mbele, mama zetu na dada zetu walio nyuma ya pazia, na nyinyi vijana wenzangu: nimepewa nusu saa. Joto la Kiboko mwalijua, na koo zetu sote ni kavu, kwa hiyo nitajaribu nisiwachoshe.

Mada niliyopewa ilikuwa usafi wa mwili katika Ramadhan. Nimemwomba amiri ruhusa niipunguze, nizungumzie kitu kimoja tu kilicho juu ya ngozi, nacho ni ile alama nyeusi ya paji la uso. Wengi wetu twaiita sijida. Wengine huiita sugu, na mimi leo nitalitumia sana neno hilo kwa sababu lina siri ndani yake. Sugu na kusugua ni mtu na nduguye. Pasipo kusuguliwa hapaoti sugu.

Sasa nianze na jambo la nyumbani. Paji la kwanza lenye sugu nililoliona maishani mwangu halikuwa la sheikh. Lilikuwa la bibi yangu mzaa mama, susu, kama tunavyosema Ukambani. Susu hakuwa Mwislamu. Alikuwa mama wa kanisa, na Jumapili alivaa kitambaa chake cheupe akaenda zake. Siku nyingine zote alikwenda mtoni hapo chini na mtungi wa lita 20 mgongoni, mukwa umepita kwenye paji. Kwa wageni wetu waliotoka Mombasa, mukwa ni ule ukanda wa kubebea mzigo, mzigo unakaa mgongoni na kichwa ndicho kinachovuta. Ikiwa si maji ni kuni, ikiwa si kuni ni kiondo cha mahindi. Miaka hamsini na zaidi. Pale ulipokaa mukwa ngozi ilibonyea kama mfereji, ikawa nyeusi, ngumu, inang'aa kidogo. Nilipopelekwa madrasa mara ya kwanza nikaona paji la mwalimu wetu, niliporudi nyumbani nilimwuliza mama, "Kwani mwalimu naye anateka maji?"

Mama alicheka mpaka machozi. Lakini lile swali la kitoto nimekuja kuliona lina maana, na ndilo lililonileta mbele yenu.

Ngozi inafanyaje hata ikaota sugu? Ngozi yetu ina tabaka. La juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, zimepangana kama vigae vya paa, kazi yake ni kukinga. Chini ya ngozi hiyo ya juu, pale mpakani, ziko seli zinazotengeneza rangi iitwayo melanini, ndiyo inayotufanya tuwe weusi, maji ya kunde au weupe. Ukipasugua mahali pamoja leo, na kesho, na keshokutwa, mwili hufanya mambo mawili. Kwanza huongeza vigae: ngozi inakuwa nene, inakakamaa. Pili, kule kuchokozwa kila mara huziamsha zile seli za rangi zikatoa rangi zaidi ya kawaida. Kwetu sisi watu weusi rangi hiyo huja upesi na kuondoka ni shida, na nyingine hudondoka chini zaidi katika ngozi, ikakaa huko miaka.

Hii ndiyo sababu sugu hupatikana kwa watu wa kila namna. Mshonaji viatu anayo mkononi. Punda wa maji anayo mgongoni pale inapokaa kamba. Huko Japani, miaka ya 1980, madaktari waliandika habari za watu waliokuwa na mabaka meusi shingoni na mabegani, kumbe walikuwa wakijisugua kwa taulo za nailoni wakioga, wakidhani wanajisafisha. Kadiri walivyozidi kuona weusi ndivyo walivyozidi kusugua.

Na sisi wenye kuswali tunasujudu kwa viungo saba kama tulivyofundishwa: paji pamoja na pua, viganja viwili, magoti mawili, na ncha za vidole vya miguu. Hesabuni wenyewe. Swala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijida 2. Hizo ni mara 34 kwa siku paji linapogusa chini, kabla hujaongeza sunna, na kabla ya Tarawehe za mwezi huu. Mwaka 2002 madaktari wa Saudia walichapisha uchunguzi wao juu ya alama hizi. Walizikuta kwenye paji, magotini, kwenye vifundo na juu ya mguu, na zaidi kwa wanaume na kwa watu wazima waliopita miaka 50. Angalieni kifundo cha mguu wa kushoto cha mzee yeyote hapa, kwa upande wa nje, kwa sababu tukikaa kitako cha attahiyatu mguu huo ndio tunaoukalia. Ajabu ni kwamba hakuna anayejivunia sugu ya kifundo. Haionekani kwenye picha.

Lakini si kila anayeswali huota sugu ya paji. Inategemea ngozi yako, mfupa wa paji lako ulivyo, unaswali juu ya nini, na unakandamiza kiasi gani. Aliyekulia kwenye mkeka wa ukindu si sawa na aliyekulia kwenye zulia nene. (Na tukitaja ukindu, jirani zetu wa Makindu mnajua jina la mji wenu lasemwa limetokana na mikindu hiyohiyo.) Wapo watu nawajua hawakuacha Alfajiri ya jamaa miaka arubaini, na mapaji yao ni laini kama ya mtoto mchanga.

Hapa ndipo mtu ataniambia: wewe kijana, na ile aya? Naam. Katika Suratul Fat'h, aya ya 29, Allah (S.W.) anawasifu waliokuwa pamoja na Mtume (S.A.W.) na anataja alama iliyo katika nyuso zao kutokana na kusujudu. Hiyo ni haki, hatuipingi. Swali ni alama gani. Ukifungua tafsiri ya Ibn Kathir utakuta kauli ya Ibn Abbas kwamba ni mwenendo mwema, na kauli ya Mujahid, mwanafunzi wake, kwamba ni unyenyekevu. Akaambiwa Mujahid: mimi nilidhani ni hii athari inayoonekana usoni. Naye akajibu kwa maana ya kwamba athari hiyo huenda ikawa baina ya macho ya mtu ambaye moyo wake ni mgumu kuliko wa Firauni. Wapo pia wanavyuoni waliosema ni nuru ya Siku ya Kiyama, na wapo walioruhusu kuwa ni athari ya udongo. Sikuja kuwachagulia. Nataka mjue tu kwamba kauli ya Mujahid ina umri wa miaka elfu na mia tatu, haikuanza na sisi.

Sasa nakuja kwenye jambo lililo zito kwangu. Najua tumekatazwa kuyatangaza maasi ambayo Allah ametusitiri. Nilimwuliza sheikh wangu kabla ya kuja, akaniambia ikiwa watu wanadanganyika kwa alama hiyo, basi uondoe huo udanganyifu. Mnaiona hii sugu yangu. Wengine mmeniita "sheikh" tangu niliposhuka kwenye matatu.

Nilikuwa na miaka 14. Tulikuwa watatu, wanafunzi wa madrasa moja, na ilikuwa Ramadhan kama hii. Alikuja kijana mkubwa kidogo kutoka Pwani kwa likizo, ana sijida ya mviringo kama sarafu, na wazee wakawa wanamwita safu ya mbele. Sisi tukawa tunatumwa maji. Basi tukakubaliana. Nyuma ya msikiti kulikuwa na kipande cha tofali. Kila baada ya Adhuhuri twaenda, mmoja anashika zamu ya kuangalia njia, wawili wanasugua. Wenzangu waliacha siku ya pili, ilikuwa yauma. Mimi niliendelea siku 9.

Naona mnacheka. Chekeni, hata mimi huwa nacheka. Siku ya kumi paji lilifura likatoa usaha, na nikawa siwezi kuliweka chini. Wallahi nilijisugua ili nionekane nasujudu, nikafika mahali siwezi kusujudu. Nikawa nainamisha kichwa tu kama mgonjwa, na nilipoulizwa nikasema nimeanguka. Nikaongeza uongo juu ya saumu. Ustadhi wetu aliniosha kwa maji ya chumvi. Aliliangalia lile jeraha, akaliangalia vumbi jekundu la tofali kwenye kanzu yangu, hakusema neno. Mpaka leo sijui kama alijua.

Kidonda kilipona, doa likabaki. Na kwa sababu kila siku nikilirudisha chini mara 34 palepale, halikupata nafasi ya kufifia. Nilipofika chuo kikuu, wiki ya kwanza, tumekusanyika kwenye chumba cha swala, hatujuani, na Magharibi imeingia. Nani aswalishe? Watu wakatazamana mapaji. Nikasukumwa mbele. Toka siku hiyo nikawa imamu, na baadaye nikawekewa pesa za michango ya futari. Sikula hata shilingi, alhamdulillah. Lakini fikirini: hakuna aliyejua nimesoma wapi, hakuna aliyejua natoka kwa nani, nimeaminiwa amana ya watu kwa kazi ya tofali. Na mimi nikazoea. Hilo ndilo lililonitisha baadaye. Mwanzo nilikuwa naona haya kila nikisema Allahu Akbar pale mbele. Mwaka wa pili sikuona tena. Kumbe na moyo nao ukisuguliwa na sifa kila siku hufanya kama ngozi, huongeza vigae usisikie maumivu.

Msidhani nimezua jambo geni. Misri alama hii huitwa zabiba, yaani zabibu kavu, na mwaka 2007 gazeti la New York Times liliandika jinsi ilivyoenea kwa vijana mpaka ikawa kama mtindo. Rais Anwar Sadat aliyeuawa mwaka 1981 alikuwa nayo, inaonekana kwenye picha zake, na waliomuua walisema wanaipigania dini hiyohiyo. Mkirudi nyuma zaidi, Ibn Abbas alipotumwa kwenda kujadiliana na Makhawarij alikuta watu ambao hajapata kuona mfano wao kwa ibada, mapaji yana majeraha ya kusujudu na mikono imekakamaa kama magoti ya ngamia. Watu hao hao walimkufurisha Sayyidna Ali. Na Ibn Muljam, aliyempiga Ali kwa upanga Kufa katika Ramadhan ya mwaka 40 Hijria, sawa na mwaka 661, ametajwa katika vitabu kuwa alikuwa na athari ya kusujudu katika paji lake. Ramadhan, ndugu zangu. Mwezi kama huu, na alfajiri kama hizi tunazoamkia daku.

Lakini tusiende upande wa pili tukawacheka wenye sugu. Ali bin Hussein, mjukuu wa huyo huyo Sayyidna Ali, tunayemjua kwa jina la Zainul Abidin, aliitwa mwenye sugu kwa wingi wa kusujudu kwake. Sugu yake ilikuwa ya kweli. Ngozi ya Zainul Abidin, ngozi ya Ibn Muljam na ngozi ya susu wangu zilifanya kazi moja. Ngozi haiulizi kilichoisugua ni mkeka, ni mukwa au ni tofali. Kwa nje hutaweza kuzitofautisha, na mimi nimesimama hapa kuwa shahidi wa hilo.

Wako pia wanaotaka kuifuta. Mtaani kwetu alikuwako kaka mmoja, utingo wa malori ya Mombasa na Nairobi. Aprili mwaka 2014, wakati wa ule msako wa Usalama Watch, maelfu ya watu walikamatwa Eastleigh na wengi wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Kaka yule hakukamatwa. Lakini kila kizuizi cha barabarani alikuwa anavuta kofia chini, aliona sijida yake imekuwa kitambulisho. Basi akanunua krimu ya kujichubua, ya kichupa kisicho na maandishi ya maana, akawa anapaka paji usiku. Mwezi wa kwanza doa likapauka. Kisha ngozi ya pembeni ikaanza kuwa nyekundu, na doa lenyewe likarudi jeusi zaidi, la kibuluu. Krimu hizi nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni. Zebaki hupita kwenye ngozi ikaenda kuharibu figo, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu hugeuka ikaleta weusi ule ule uliokuwa ukiukimbia. Shirika la viwango la Kenya, KEBS, lilikwisha zipiga marufuku, na bado zauzwa chini ya meza. Sijui nimlaumu nani kwa habari ya kaka yule. Simlaumu yeye. Kijana anayeogopa paji lake mwenyewe ana mzigo mkubwa kuliko mtungi wa lita 20.

Dada zetu, hapa nina neno dogo, na nimelipata kwa daktari wa ngozi, si kwangu. Viwiko na magoti meusi hayatokani na uchafu. Kuyasugua kwa jiwe na dodoki la nailoni kabla ya harusi, au kupaka limau na magadi, ni kuongeza kile kile kilichosababisha. Acheni kusugua, pakeni mafuta mazito, subirini miezi. Na ukiona shingo au makwapa yanakuwa meusi, mazito, kama kitambaa cha mahameli, na hakuna kinachosugua hapo, usiende dukani kununua krimu. Nenda kapime sukari. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili unashindwa kuitumia sukari vizuri. Na wazee wenye kisukari, zitazameni sugu za vifundo kila mkitawadha. Sugu ikipasuka nanyi hamsikii maumivu, kidonda huanza kimyakimya. Wekeni mto mdogo au mkeka wa pili chini ya mguu, hakuna aliyekatazwa. Wala sijaona mahali tumeamrishwa kulisaga paji. Tumeamrishwa kutulia katika sijida, na kutulia si kukandamiza.

Nina dakika chache. Usiku wa leo tutaingia kumi la mwisho, usiku wa kuamkia 21. Abu Said al-Khudri (R.A.) amesimulia, na iko kwa Bukhari na Muslim, kwamba Ramadhan moja katika usiku kama huu mvua ilinyesha Madina, na paa la msikiti lilikuwa la makuti, likavuja. Mtume (S.A.W.) akasujudu katika maji na tope. Alipomaliza swala ya asubuhi, Abu Said akaiona athari ya tope kwenye paji lake na pua yake. Mimi hadithi hii naipenda sana. Tope lile bila shaka lilioshwa siku ileile.

Mtaniuliza nimefanya nini na uimamu wangu. Wiki moja kabla ya Ramadhan nilimwendea amiri wetu wa chuoni nikamweleza yote, tofali na yote. Alinyamaza kitambo, halafu akasema, "Sawa, tuiache tofali. Umehifadhi juzuu ngapi?" Nikamwambia tatu. Akaita watu baada ya Isha akauliza swali hilo hilo mmoja mmoja, kwa sababu Mtume (S.A.W.) ametufundisha aswalishe aliye msomi zaidi wa Qur'ani. Kumbe yuko kijana wa Lamu, mwaka wa kwanza, mkimya, husimama safu ya mwisho karibu na viatu. Ana juzuu 11. Paji lake halina hata chunusi. Yeye ndiye anayetuswalisha Tarawehe sasa, na pesa za futari zinashikwa na watu wawili, na hesabu inabandikwa ukutani.

Susu alifariki mwaka juzi. Siku za mwisho mukwa ulikuwa umetundikwa ukutani, haubebi kitu miaka mingi, na lile bonde la paji lilikuwa bado lipo. Alikuwa akiniona narudi kuswali ananigusa hapa kwenye doa, anajigusa na yeye pale, anasema kwa Kikamba, "Na wewe wamekutwika." Sikuwahi kumwambia kwamba mimi nilijitwika.

Naona mzee wa adhana ameanza kuitazama saa, na akina mama wanapanga tende. Yaliyo sawa ni kutoka kwa Allah, na niliyokosea ni yangu na ya shetani. Mwenye swali aniulize tukishafuturu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.